Mkia wa Nyasi Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele mmeitika. Wa nyuma mnatafuna. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumekuwa wamoja. Sogeeni.

Hapo kale, kale ya wanyama kusemezana, mvua ilikataa kunyesha. Mto ukakauka. Ukabaki mchanga, mchanga, mchanga. Maji yalikuwapo, lakini chini. Mwenye kiu ilimpasa achimbe.

Wanyama wakaweka kikosi cha wachimbaji. Muhanga, mwenye kucha kama majembe, alikaa chini kabisa ya shimo. Yeye alichimba. Nungunungu alikaa katikati. Yeye aliupokea mchanga akausukuma juu. Nguchiro, mdogo wa wote, alikaa ukingoni. Yeye aliutawanya mchanga usirudi ndani. Na juu alisimama kiongozi, akitazama.

Kiongozi wa kwanza alikuwa Nyegere. Nyegere aliijua kazi. Nyegere pia alikuwa na desturi yake.

Mchanga wa mto hauaminiki. Ukuta wa shimo ukipata ufa, huenda ukaanguka, huenda usianguke. Kwa hiyo aliyeona ufa alitakiwa apige kelele: "Tokeni!" Na wote watoke. Ukuta ukianguka, vizuri. Lakini ukuta usipoanguka, Nyegere alisema kazi imepotezwa bure. Alisokota mkia wa nyasi, akamfunga mpiga kelele kiunoni. Auvae mpaka jua lizame. Na wengine wacheke.

"Mkia huo!" walisema. "Tazameni, unatembea wenyewe!"

Aliyevaa akikunja uso, walimwambia, "Utani tu, ndugu. Mbona unanuna?"

Jioni mkia ulifunguliwa, ukatundikwa kwenye kijiti mdomoni pa shimo. Kila aliyeshuka aliupita. Kila aliyepanda aliupita. Nungunungu aliwahi kuuvaa. Nyasi zilinasa kwenye miiba yake, na kila zilipochomolewa, watu walicheka upya. Tangu siku hiyo Nungunungu alikuwa na neno moja tu kazini. "Ndiyo."

Siku moja Nyegere alisikia ndege wa asali. Akamfuata ndege. Hakurudi.

Wanyama wakakaa kikao, wakamchagua Ngiri.

Ngiri alitaka kuongoza kwa namna yake. Asubuhi ya kwanza aliwakusanya wachimbaji.

"Mimi si Nyegere," alisema. "Mwenye neno, aseme. Aliyeona kitu, aseme. Simli mtu."

"Ndiyo, Bi Ngiri," wakajibu wote.

Ngiri akafurahi. Aliona ametengeneza jambo. Wakashuka kazini, na mkia wa nyasi ukabaki kijitini. Si kwamba Ngiri hakuuona. Aliuona, kama alivyokiona kijiti chenyewe.

Chaku, chaku, chaku! Kazi ikaanza, na wimbo ukaanza.

"Chimba, chimba, maji yako chini!
Toa, toa, mchanga uje juu!"

Ng'ambo ya mto lilikuwapo kundi la Nyati. Ndama wao walikuwa wamelala, hawawezi kusimama. Kila asubuhi Nyati alikuja ukingoni, akachungulia shimo, akaona mchanga.

"Bi Ngiri," alisema, "nangoja mpaka mwezi uandame. Maji yasipotoka, namtafuta Nyegere arudi. Nawe utampisha."

"Nimekusikia, Bwana Nyati," akasema Ngiri. Na tangu hapo, kila alipofumba macho, aliona ndama wamelala.

Siku hiyohiyo Nguchiro akapiga kelele. "Tokeni! Tokeni!"

Wakatoka mbio. Wakasimama ukingoni. Wakangoja. Ukuta ukakaa. Wakangoja tena. Ukuta ukakaa.

"Enhe," akasema Muhanga. "Ufa uko wapi, mdogo wangu?"

"Niliona kitu kama mstari."

"Labda ni sharubu zako."

Wakacheka. Muhanga akauchukua mkia kijitini, akamfunga Nguchiro kiunoni. Nguchiro akamtazama Ngiri.

Ngiri alikuwa anawafikiria ndama. Alimwona Nguchiro, mdogo, na mkia mkubwa unaburuta mchangani. Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Haya, kazini."

Ni hilo tu. Hakuongeza neno, wala hakudhani kwamba amefanya kitu.

Chaku, chaku, chaku!

Shimo likazidi kwenda chini. Asubuhi moja ukuta wa mashariki ukapata ufa. Nguchiro aliuona kutoka ukingoni. Akafungua mdomo. Akautazama mkia kijitini. Akafunga mdomo.

Nungunungu aliusikia mchanga ukimchuruzika mgongoni. Chrrr. Akasema moyoni, pengine si kitu.

Huko chini mchanga ulimwangukia Muhanga masikioni. Akayatikisa masikio, akaendelea. Na wimbo ukaendelea.

"Chimba, chimba, maji yako chini!
Toa, toa…"

Puu!

Ukuta ulimfunika Muhanga.

Wimbo ukakatika. Ngiri akaruka ndani. Akachimba kwa pembe za mdomoni, akachimba kwa pua, akachimba kwa kwato. Nungunungu akavuta mchanga. Nguchiro akavuta mchanga. Likaonekana sikio moja. Wakalivuta. Likaonekana la pili. Wakayavuta yote mawili, na Muhanga akatoka anakohoa. Alikuwa hai, lakini mguu wake wa mbele haukukanyaga tena chini.

Wakamlaza ukingoni. Ngiri akakaa karibu yake mpaka pumzi yake ilipotulia. Kisha akauliza.

"Nani aliuona ufa?"

Nguchiro akautazama tena mkia kijitini.

"Simtafuti wa kumlaumu. Nataka kujua."

"Niliuona," akasema Nguchiro.

"Niliusikia," akasema Nungunungu.

"Hata mimi," akasema Muhanga, palepale alipolala. "Mchanga uliniingia masikioni. Nikasema, nikipiga kelele bure, leo Nguchiro ndiye atakayenifunga mkia. Na atakaza."

"Ningekaza kweli," akasema Nguchiro.

"Lakini niliwaambia mseme!" Ngiri akasema. "Siku ya kwanza kabisa. Sikuwaambia?"

"Ulituambia, Bi Ngiri," akajibu Nungunungu. Wote wakageuka, maana hawakuzoea kumsikia akivuka "ndiyo". "Ulituambia. Halafu Nguchiro akasema. Halafu ukacheka."

Ngiri alikuwa na la kujibu. Angeweza kusema kwamba mkia ulikuwa wa Nyegere. Angeweza kusema kwamba aliyeufunga ni Muhanga. Angeweza kusema kwamba alicheka kidogo tu. Aliyapima maneno hayo yote, akayaacha.

Akaenda kwenye kijiti. Akautoa mkia. Wachimbaji wakamtazama kiunoni, wakidhani ataufunga kwake mwenyewe. Nguchiro akajisogeza nyuma, akidhani utarudi kwake.

Ngiri akapiga magoti, kama ngiri wanavyopiga magoti wakila. Akauweka mkia chini. Akaanza kuutafuna. Karu, karu, karu. Mkia ulikuwa mkavu. Alitafuna mpaka fundo la mwisho. Akameza.

"Una vumbi," akasema.

"Una jasho langu pia," akasema Nungunungu.

Muhanga akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Sasa sikilizeni," akasema Ngiri. "Aliyeona ufa atapiga kelele, na tutatoka wote. Ukuta ukianguka, tutamwambia ahsante. Usipoanguka, tutamwambia ahsante. Na siku maji yakitoka, waliopiga kelele watakunywa kwanza."

"Hata aliyepiga bure?" akauliza Nguchiro.

"Hata aliyepiga bure."

"Ndiyo, Bi Ngiri," wakasema wote.

Ngiri akaisikia hiyo "ndiyo". Ilikuwa ileile ya siku ya kwanza. Safari hii hakufurahi. Akashuka mwenyewe chini ya shimo, mahali pa Muhanga.

Muhanga akawekwa ukingoni. Hakuweza kuchimba, lakini sauti alikuwa nayo, kwa hiyo wimbo ukawa wake. Ngiri akamwomba auongezee mstari. Kila wakiimba kidogo wanyamaze, na Ngiri aulize kutoka chini.

"Chimba, chimba, maji yako chini!
Toa, toa, mchanga uje juu!"

"Wa juu, mnaona nini?"

"Hatuoni kitu!"

Chaku, chaku, chaku.

"Wa juu, mnaona nini?"

"Hatuoni kitu!"

Ikawa hivyo asubuhi, mchana na alasiri. Na kesho yake tena. Nungunungu hakuongeza neno. Lakini Ngiri hakuacha kuuliza.

Mwezi ukakaribia kuandama. Nyati akaja, akasimama ukingoni, safari hii hakuondoka. Huko chini pua ya Ngiri ikagusa mchanga wa baridi. Unyevu! Akauinua mguu kupiga kwato moja zaidi.

"Tokeni!" Nguchiro akapiga kelele. "Tokeni! Tokeni!"

Mguu wa Ngiri ulikuwa bado juu. Maji yalikuwa karibu. Nyati alikuwa anatazama. Ndama walikuwa wamelala. Ngiri akaushusha mguu taratibu, akageuka, akapanda. Nungunungu akapanda.

Wakasimama ukingoni. Wakangoja. Ukuta ukakaa. Wakangoja tena. Ukuta ukakaa.

Nyati akakoroma. "Kazi gani hii? Watoto wangu wanakufa, nyinyi mnacheza kutoka na kuingia. Mfungeni huyo mkia wake."

"Mkia umeliwa, Bwana Nyati," akasema Ngiri.

"Umeliwa na nani?"

"Na mimi."

Kisha akamgeukia Nguchiro.

"Ahsante, Nguchiro," akasema Ngiri. "Uliona nini?"

Nguchiro akamwonyesha. Ulikuwa mzizi, mweusi na mrefu, umejitokeza ukutani. Kwa mbali ulifanana na ufa.

"Hata mimi ningeuona hivyo," akasema Muhanga.

Ngiri akashuka. Wimbo ukaendelea. Nguchiro hakuvaa kitu. Nungunungu alimtazama Nguchiro kiunoni, akafanya kazi, akamtazama tena. Hakuna kitu. Jua likazama, bado hakuna kitu.

Kesho yake maji yakaanza kutoka. Churu, churu. Yalijaa alama ya kwato moja, yakajaa ya pili.

"Maji!" Muhanga akaita. "Maji!"

Ng'ambo wakasikia. Kundi la Nyati likaja mbio, gidi, gidi, gidi! Wakajazana ukingoni, mabega kwa mabega, wakiwasukuma ndama mbele. Nungunungu alikuwa katikati ya shimo, na Ngiri chini kabisa, ameinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa imegusa maji.

Chrrr. Mchanga ukamchuruzika Nungunungu mgongoni.

Nungunungu akatazama juu. Aliona vichwa vya nyati, pembe, macho. Wote walikuwa wanafurahi. Akapiga kelele.

"Tokeni! Bi Ngiri, toka!" Miiba yake ikagongana, karakacha, karakacha! "Toka!"

Ngiri hakumeza tone. Aligeuka na maji mdomoni, akapanda nyuma ya Nungunungu. Kwato yake ya nyuma ilipokanyaga ukingo…

Puu!

Vumbi. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na mchanga, mrefu kuliko yeye.

"Rudini nyuma!" Nungunungu akawaambia nyati. "Ni uzito wenu. Rudini nyuma wote!"

Na nyati, kundi zima, wakarudi nyuma.

Mchanga ulioanguka ni laini. Wakauondoa. Nyati mwenyewe akauvuta kwa pembe, kutoka upande alioonyeshwa na Nungunungu. Jua halijazama, maji yakakaa shimoni, yakatulia, yakawa meupe.

Ngiri akasimama mbele yao.

"Nguchiro," akasema, "njoo unywe."

Nyati akakanyaga chini. "Huyu? Huyu alipiga kelele bure! Aliyekuokoa ni Nungunungu. Mpe Nungunungu kwanza, hilo nitalielewa."

Ngiri akafungua mdomo, lakini Nungunungu alikuwa amemtangulia.

"Jana sikuwa nautazama ukuta, Bwana Nyati. Nilikuwa namtazama Nguchiro. Alipiga kelele, ukuta haukuanguka, na jioni akaenda nyumbani kiuno kitupu. Angefungwa mkia jana, mimi leo ningenyamaza. Na huyu Bi Ngiri angekuwa mle."

Nyati akautazama mchanga uliotolewa. Akajisogeza pembeni.

Nguchiro akanywa. Kinywa chake ni kidogo, hakumchelewesha mtu. Akanywa Nungunungu. Wakanywa ndama, wakasimama mmoja baada ya mwingine. Mwezi ukaandama, na jina la Nyegere halikutajwa.

Baadaye maji ya shimo lile yakapungua, wakahamia mahali pengine mtoni. Wengine walikimbilia kupima mchanga. Ngiri kwanza alizunguka mdomo wa shimo jipya, polepole, akitazama kama kuna kitu kimetundikwa.

Nanyi mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo, kuna wenye vikosi vyao na kuna watakaokuwa navyo. Kiongozi akisema "semeni", watu hawalipimi neno hilo. Wanamtazama aliyesema jana, waone alifanywa nini. Akichekwa, wote watanyamaza, na ukuta utaanguka. Akishukuriwa, hata kama alikosea, siku ya ufa wa kweli kutakuwa na sauti.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka aende akalale.