Mkeka wa Kwanza wa Nyamizi

Haya, sogeeni, na anayejiona hodari wa kuamua kesi akae mbele. Palikuwa na ndugu wanne wa tumbo moja. Kapaya alikuwa na mgongo usiochoka, Maganga alijua kuomba mpaka apewe, Milembe aliijua sheria, na Nyamizi, ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba, alikuwa na vidole vyepesi.

Kwao, sheria ya walemavu imeandikwa vizuri sana, ikafungiwa kabatini. Kapaya hakuwa na cha kudai. Akaacha useremala, akambeba Nyamizi kila siku, miaka sita, hadi kwa shangazi, ng'ambo ya kilima, akajifunze kusuka ukindu.

Maganga alihamia nchi ya pili, ambako asiyetembea hupewa kiti cha magurudumu. Akamchukua Nyamizi, akamwandikisha, akapanga foleni mwaka mzima, kiti kikatoka. Lakini huko kila mlango una ngazi, na Nyamizi akabaki uani na kiti chake kipya.

Milembe aliolewa nchi ya tatu. Huko viti havitolewi, ila kila chuo lazima kiwe na njia ya mteremko. Chuo cha ususi hakikuwa nayo, na kilipokea wanaojua kusuka tu. Milembe akagombana na mkuu wa chuo mpaka saruji ikamwagwa, Nyamizi akaja na kiti chake, akaingia.

Sasa, kwao mkeka wa kwanza wa fundi hauuzwi. Hupewa aliyemfungulia njia, jina la mtu huyo mmoja tu likisukwa ukingoni, na mpaka utoke mlangoni, wa pili hauanzwi.

Siku ya kuhitimu, ndugu zake wote wakiwapo, Nyamizi akaropoka kwa furaha, "Nitampa aliyenifikisha hapa!"

"Bila kiti ungefikaje?" Maganga akauliza.

"Na hicho kiti kingepita wapi, kaka?" Milembe akadakia.

Kapaya akatabasamu. "Mpe mmoja wao, dada. Mimi nilikubeba tu."

Huu ni mwaka wa pili tangu siku ile. Maganga hapigi simu. Milembe anajibu salamu kwa mkato. Kapaya siku hizi huinuka kwa kushika ukuta. Wanunuzi wanarudishwa, na mkeka umeegemea mlango, ukingo bado hauna jina.

"Laiti ningenyamaza," Nyamizi alimwambia Kapaya jana, akilia. "Laiti nchi moja ingekuwa na vyote, nisingelazimika kuchagua ndugu."

Ukindu unakauka. Je, wewe ungesuka jina la nani?