Mtungi Uliolinda Pombe ya Mama

Sogeeni, na mwenye glasi mkononi aiweke chini. Hapa kuna kesi, na hakimu hajaajiriwa bado. Si jambo geni nchini.

Walikuwepo ndugu watatu Kilimanjaro, kule juu kwenye migomba. Haikaeli, wa kwanza, alikuwa na jicho. Kitu kibovu hakikumpita. Alikuwa pia na digrii ya kemia, na waajiri walikuwa wamemjibu "we regret to inform you" hadi akaikariri kama sala. Anandumi, wa kati, mhudumu wa baa, alikuwa na mdomo. Angemwomba fisi mfupa na akapewa. Kitinda mimba, Ndeshukurwa, alikuwa na subira tu, ile ya kukaa na ng'ombe anayezaa mpaka kuche.

Mama yao, Ndealilia, alipika mbege, pombe ya ndizi, ya kumpokea mumewe aliyelazwa hospitali mjini. Siku pombe ilipoiva, presha ikamwangusha mlangoni pa jiko, hakuamka. Wazee wa ukoo wakaamua mgonjwa asiambiwe, moyo wake usingehimili. Mama akazikwa, mumewe akiwa wodini, akiuliza mbona mkewe haji kumwona, akijibiwa kuwa ana mafua.

Pombe ikabaki kwenye pipa. Mbege nayo haingoji mtu. Ikikaa kidogo inageuka siki. Haikaeli akainama, akaisikia ikichemka taratibu.

"Hii haimwagwi," akasema. "Baba ataikuta."

"Kegi tupu ya bia nitaipata kwenye baa," Anandumi akasema. "Lakini dada, kegi bila gesi ni sufuria tu."

Walihitaji mtungi wa gesi ya kaboni, ile ya mapovu ya soda, wa kuifunika pombe hewa isiiguse.

Haikaeli akashuka Moshi. Muuzaji akamwonyesha mtungi mdogo unaong'aa. "Beba huu, sista. Mwepesi, unapendeza."

"Unajazwa wapi ukiisha?"

"Haujazwi. Unanunua mwingine."

"Basi huo ni zawadi ya harusi. Mimi nataka wa kazi."

Akaletewa mkubwa. Akafuta vumbi shingoni, panapopigwa mhuri wa mwaka uliopimwa. Mhuri ulikuwa mzee kuliko Ndeshukurwa. "Hili ni bomu, kaka. Hakuna atakayethubutu kulijaza." Wa tatu ulikuwa wa kuzimia moto, mdomo umejaa unga. Mwishowe akauona wa chuma, wa wastani, rangi imebanduka, mhuri mpya. "Mbaya wa sura, kama mimi kwenye interview," akasema, akautupia begani.

Lakini ulikuwa mtupu. Wachomelea vyuma walikuwa radhi kuujaza gesi yao, Anandumi akakataa, ile si ya kuingia tumboni mwa mtu. Akaenda kiwanda kidogo cha soda. Kilikuwa kimefungwa kwa sikukuu.

"Rudi wakifungua," mlinzi akasema.

Anandumi hakubembeleza. Alikaa naye kwenye benchi akamsimulia habari za mama, polepole, hadi mlangoni pa jiko.

"Mimi wangu alizikwa nikiwa lindoni," mlinzi akasema, akatoa simu. Fundi alikuja na ndala, akaujaza.

Pombe ikamiminwa kwenye kegi, gesi ikaingia, kegi ikawekwa kwenye friji, na usiku huohuo umeme ukakatika, friji ikafa. Ndeshukurwa akapaka povu la sabuni kila kiungo, akapata panapovuja, akakaza nati. Kisha akaibeba kegi hadi mfongo, mfereji uletao maji ya mlimani, akaizamisha na kukaa nayo, maji magotini, akipunguza presha kila ilipopanda. Waendao kanisani walimsalimu, akaitikia kwa kichwa. Alipotolewa, nyayo zake zilikuwa zimechanika.

Hospitali ikasema, "Mpelekeni tu nyumbani." Kila mtu anajua maana yake.

Wakamkalisha mzee uani. Haikaeli akajaza kata, povu likasimama kama siku ilipoiva, akampa kwa mikono miwili. Mzee akanusa.

"Huu mkono wa mama yenu," akasema. "Haya, mpishi aonje kwanza."

Ndiyo desturi yetu. Mpishi wa pombe hunywa kwanza, watu waone haina sumu. Asipoonja, hanywi mtu. Hawa watatu waliwaza mhuri, gesi, sabuni, baridi. Hilo halikuwajia.

"Mwiteni basi. Mafua gani yasiyoisha?"

Anandumi, mwenye mdomo, akamtazama dada yake. Haikaeli akapiga magoti.

"Baba, mama hana mafua."

Mzee hakulia. Aliitazama kata.

"Mlimlaza wapi?"

"Upande wa kahawa, baba."

"Peke yake," akasema. Kisha akainua kata: "Pombe yake siiachi, na bila mpishi siinywi. Aliyeilinda asimame mahali pake, aonje. Na atakayeonja atarithi mahali hapo kweli, nyumba na migomba. Kihamba, hili shamba la ukoo, kimeshakuwa kidogo kama leso, hakikatwi tena."

"Tuliilinda watatu, baba."

"Mpishi hawi watatu, Haika."

Haikaeli hakuwa na pengine pa kwenda duniani. Digrii haina paa. Mkono wake ukainuka. Akaziona nyayo za Ndeshukurwa, ukasimama hewani. Anandumi aliinamisha uso. Povu lilikuwa linashuka, na pumzi ya mzee pia.

Haya, mliokaa. Jicho lililochagua mtungi, mdomo ulioujaza, au miguu iliyokaa majini? Na msiniambie wagawane, hayo ni maneno ya wenye mashamba. Mzee amenyoosha kata, hanywi mpaka mmoja aonje. Wewe ungemkabidhi nani? Sema upesi, hana muda.