Faili la Mbegu za Murungu

Mvua za kwanza zilikwisha kuilowesha Kibondo, na lori la mbegu bado limesimama mbele ya duka la Mzee Gharibu. Ndani, karani Esteri alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Asubuhi ile umeme wa jenereta ulikatika ghafla, na faili la kompyuta lililoonyesha kila kikundi cha wakulima kilichagua mbegu gani likaharibika. Magunia yaliandikwa namba tu. Bila faili, aliyeomba maharage angepelekewa mahindi. Kwao Murungu, wazazi wake walishatifua shamba, macho barabarani.

"Dada, televisheni yako imeamka?" dereva Nsengimana alipaza sauti. "Mbegu zitaotea garini!"

"Vumilia, kaka. Ukizipeleka kombo utazirudisha mgongoni!"

Esteri alinakili faili bovu kwenye diski, kisha akaiagiza kompyuta isome yaliyosalia humo na kujenga faili jipya kwa jina jingine. Kazi ikaenda mwendo wa kobe. Mara taa ikafifia, kompyuta ikazimika.

"Leonidasi!" Mzee Gharibu alimfokea msagaji nafaka wa jirani, aliyetumia naye jenereta moja. "Umeilisha nini mashine?"

"Muhogo wa mama huyu, mzee. Kumbe haujakauka, mashine ikakwama na kuvuta umeme wote!"

Umeme uliporudi, faili jipya likafunguka, majina yamejipanga kama punje za hindi. Mzee akapiga makofi.

"Alhamdulillahi! Sasa futa lile bovu na nakala yake, mwanangu. Yatatuchanganya."

Kidole cha Esteri kikafika kwenye kitufe. Kumpinga mzee aliyemwamini ilikuwa kama kumeza mwiba.

"Niwie radhi, mzee. Nitazame mwisho wa hili jipya kwanza."

Akashuka hadi chini. Vikundi vya Kasulu vipo. Vya Kibondo mjini vipo. Vya Murungu, hata kimoja! Umeme ulikatika kabla havijafikiwa.

Mzee akashika kichwa. "Ungenitii, Murungu wangekosa mbegu!"

Alitoka mwenyewe akasimama mlangoni pa mashine. "Hasagi mtu hapa mpaka kompyuta imalize!"

"Mzee, watoto wale kompyuta?" mama wa muhogo akamchapa swali. Watu wakacheka, mzee hakubanduka.

Kutoka katika lile faili bovu, Esteri akajenga upya. Safari hii Murungu ikatokea, kikundi baada ya kikundi, na machozi yakamlengalenga. Lori likaunguruma likaondoka. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.