Kompyuta ya Laki Tano na Kisasi Kimoja

Sogeeni, na mwenye moyo mlaini akae nyuma kabisa, maana leo sina hadithi ya kupatana. Nina watu watatu, adui mmoja, na kisasi kimoja kisichogawanyika. Mkishasikiliza mtaniamulia. Mimi na mume wangu tumebishana wiki nzima juu ya jambo hili, na bado hatujaelewana.

Tabora alikuwapo dada mmoja, Kalunde. Kipaji chake kilikuwa kichwa. Kompyuta hufungwa kwa vipande, na si kila kipande humkubali mwenzake; prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikiwa ya mwaka huu haikai kwenye ubao wa mwaka juzi hata uisukume kwa goti. Ukimtajia Kalunde prosesa, anakutajia ubao wake, ramu yake, yaani kumbukumbu ya kazi, na kadi ya picha itakayoelewana navyo, bila kufungua daftari.

Alikuwapo Mihayo, fundi redio. Yeye kipaji chake kilikuwa mkono. Mpe pawa saplai, lile sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta, ainyanyue tu, atakuambia kama ina shaba tumboni au imejaa upepo. Vibandiko hakuvisoma. "Kibandiko anaandika muuzaji," alizoea kusema.

Na alikuwapo Sadoki, kinyozi, mtu wa macho na vidole. Kwenye gemu la mbio za magari alikuwa anaiona kona kabla haijafika.

Sasa adui. Jitu lenyewe linaitwa Kitundu, mwenye ukumbi wa gemu na duka la vipuri hapo hapo. Kalunde alimchagulia vipuri miaka miwili. Wateja walipoanza kumwita Kalunde "bosi", Kitundu akashikwa na wivu, akamfukuza, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba binti ni mwizi wa ramu. Uongo mtupu! Mama yake Kalunde alikufa miezi mitano baadaye, na hata msibani watu walikuwa wakinong'ona, "Huyu ndiye mama wa yule mwizi."

Mihayo aliumwa malaria, akamtuma mkewe kununua pawa saplai dukani kwa Kitundu. Kibandiko kilisema wati mia sita. Ndani kulikuwa na vijiwaya ambavyo hata kufungia kuku usingethubutu. Ikalipuka, banda lake la ufundi likaungua lote pamoja na redio za watu. Alipokwenda kulalamika akajibiwa, "Mali ikishatoka mlangoni si yangu."

Sadoki alimshinda Kitundu mara tatu mfululizo mle ukumbini. Kitundu akamzaba kofi. Tena mbele ya mama mkwe wake, aliyekuwa akipita na kapu lake! Wenye wakwe mnanielewa. Mama wa watu alijifunika kanga usoni, akaondoka, na tangu siku ile hajakanyaga nyumbani kwa Sadoki.

Kalunde hakunyamaza. Alisema mji mzima kwamba kompyuta mpya ya Kitundu ni ghali lakini imefungwa kijinga. Maneno yakamfikia mwenyewe, naye akashika kipaza sauti: "Atakayeleta kompyuta ya laki tano ikaishinda yangu, nitamfanyia jambo moja atakalolitamka, hapa hapa, mbele za watu. Mtu mmoja, jambo moja!" Watu wakacheka. Wale watatu hawakucheka. Kesho yake walikutana kwenye meza ya Mihayo, kila mmoja na chuki yake.

Kalunde akachagua. Alikataa kadi kubwa yenye mataa ambayo Sadoki aliililia. "Hiyo itakula hela yote, halafu prosesa ishindwe kuilisha," alisema. Akachukua prosesa iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi, ubao unaoikubali, kadi ya wastani, na ramu mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu mbili hubeba mzigo kwa pamoja. Kila kitu kikaingia mahali pake bila kugombana. Bila kichwa kile, wangekuwa na gunia la vyuma.

Mihayo akatafuta pawa saplai. Nne alizirudisha kwa kuzinyanyua tu. Ya tano ililetwa na mchuuzi, bei nzuri, nzito hasa. Sadoki akasema, "Hii hapa, kaka, tufunge tuondoke!" Mihayo akaigeuza mkononi, akaigeuza tena. "Uzito umelala pembeni," akasema. Akaifungua. Lo! Ndani limegandishwa bonge la saruji! Mchuuzi akabanwa, akakiri ametumwa na Kitundu, aliyejua kwamba Mihayo hupima kwa mkono. Wangeifunga ile, kompyuta ingeungua siku ya shindano watu wakitazama. Mihayo akaendelea kutafuta hadi akapata kuukuu moja isiyo hata na kibandiko, ila ya kweli.

Sadoki akakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Kompyuta ya laki tano haiwezi kila kitu, na yeye alijua mzigo wa kuitua. Alizima vivuli, akawapunguza watazamaji wa jukwaani, akafuta mawingu, ila barabara hakuigusa. "Mimi siendi kutazama mawingu," alisema. Akafanya mazoezi mpaka vidole vikavimba.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Raundi ya kwanza kati ya tatu Sadoki akashinda, kwa sababu kompyuta ya Kitundu ilikuwa inakwama kila kona. Baada ya kumfukuza Kalunde alijinunulia kadi ya mamilioni akaifungia prosesa dhaifu. Ya pili Kitundu akashinda, maana naye si mchezaji mbaya, tusimnyime haki yake. Ya tatu walikwenda sambamba hadi kona ya mwisho. Kioo cha Kitundu kikaganda kufumba na kufumbua, na Sadoki hakuhitaji zaidi ya hapo. Akapita.

Wee! Kelele zilizopigwa siku ile! Kitundu jasho likamtoka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Haya," akasema. "Nani anatamka?"

Kalunde akatangulia. "Mimi. Shika kipaza sauti hicho hicho, useme ulinisingizia. Ulisafishe na jina la mama yangu. Bila mimi hii kompyuta isingewaka."

"Ingewaka ikaungua," Mihayo akamkata. "Mimi ndiye wa kutamka. Atoe pawa saplai zake zote barabarani, azivunje kwa nyundo moja baada ya nyingine, afunge duka. Dada, jina lako lina uchungu, nakubali. Ila kesho ataungua mtu kitandani."

Sadoki akasimama. "Nani alicheza? Si mimi? Basi mimi nataka kofi moja tu. Mama mkwe wangu yule pale mlangoni, nimemwomba aje. Jamani, moja tu!"

Wakaanza kuvutana wao kwa wao. Kalunde analia, Mihayo anamfokea Sadoki, Sadoki anamwambia Mihayo nyundo si fidia ya aibu. Kitundu akawatazama, na taratibu kicheko kikaanza kumrudia usoni. Akatoa funguo mfukoni.

"Nilisema mtu mmoja," akasema. "Msipokubaliana kabla sijafunga mlango huu, sina deni na yeyote."

Akaanza kuteremsha mlango wa chuma. Umefika nusu. Watu wakapiga kelele, "Tajeni jina!"

Ndipo hapo, ndugu zangu. Mume wangu anasema Kalunde, kwa kuwa mama yake marehemu hawezi kujitetea. Mimi nasema Mihayo, ingawa roho yangu, nisiwafiche, inalitamani lile kofi. Mlango unashuka na nyinyi mmesimama mle ndani. Mnamtaja nani? Na asiniambie mtu kwamba wamsamehe, hilo sikuuliza.