Fundi Aliyezima Simu

Wapendwa, kabla sijarudi kwenye neno letu la leo, nipeni dakika chache niwapeleke kwa fundi mmoja. Na ninyi mlioanza kutazama saa, tulieni. Wali hautaungua, mpishi mmemwacha nyumbani.

Kulikuwa na fundi mmoja huko upande wa Rungwe, kwenye mvua zile zisizojua kupiga hodi. Kwa miaka minane alikuwa kibarua wa watu. Leo anapiga lipu kwa fulani, kesho anapanga vigae kwa fulani, na sifa zote zinakwenda kwa bosi. Mwisho akasema, basi, imetosha, hata mimi nina mikono. Akafungua kazi yake mwenyewe ya kukarabati nyumba: rangi, lipu, dari, vigae, yote yeye. Bosi wake alimwambia neno moja tu siku anaaga: "Utarudi." Kazi aliijua sawasawa. Wateja ndio hakuwa nao. Na mtaji wake, jamani, ulikuwa wa kuhurumia. Akishanunua ngazi na rola, kilichobaki hakitoshi hata kutangaza jina lake redioni.

Akachapisha vipeperushi. Akavigawa sokoni kutwa nzima, na kila mtu alipokea kwa adabu, "Asante fundi, tutakutafuta." Kesho yake akanunua maandazi kwa mama mmoja pale stendi. Akakunjua karatasi. Akakuta jina lake mwenyewe limelowa mafuta! Akarudi nyumbani akamwonyesha mkewe, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, angalau wauza maandazi umewafaa."

Chekeni, lakini yeye hakucheka. Ameacha kibarua cha uhakika, watoto wanasoma, na kila asubuhi mkewe anamuuliza kwa macho tu. Wateja wasipopatikana mapema, itabidi arudi kwa yule yule aliyemwambia utarudi. Hilo lilimkosesha raha kuliko umaskini wenyewe.

Ndipo siku moja akaona duka limepakwa lote rangi ya kampuni ya sabuni, jina la sabuni kubwa kuliko mlango. Akasimama. Akajisemea, hawa wameona mbali. Ukuta haufungiwi maandazi!

Sasa pale njia panda ilikuwepo nyumba ya mama mmoja mjane, tumwite Mama Nsajigwa. Nyumba ya zamani, imepauka, lakini imekaa mahali ambapo mtu hawezi kwenda kusali wala kwenda kununua ndizi bila kuipita. Fundi akapiga hodi.

"Shikamoo mama. Nataka nikupakie rangi ukuta wako huu wa barabarani, bure kabisa. Ila uniruhusu niandike jina langu na namba ya simu kule juu."

Mama akamtazama kuanzia miguuni. "Bure? Mwanangu, bure ya siku hizi huwa ina mkia."

"Mkia ndio hiyo namba tu, mama."

"Haya. Lakini uupake vizuri. Huu ukuta marehemu mume wangu aliujenga kwa mikono yake."

Fundi akashusha vifaa. Akainama, akapapasa ukuta kwa chini, mkono ukarudi na unga mweupe. Chumvi. Wenye nyumba za zamani mnanielewa: unyevu unapanda kutoka ardhini, ukuta unatoa chumvi, na rangi haishiki. Dawa yake kila fundi anaijua. Unakwangua lipu yote ya chini, unauacha ukuta upumue wiki mbili, tatu, ndipo unapiga lipu upya na kupaka. Lakini Jumapili ile iliyokuwa inakuja kulikuwa na tamasha la kwaya. Kwaya kumi na nne, wageni kutoka kila pembe, wote wanapita hapo hapo njia panda! Ukuta uliokwanguliwa utamtangaza nani? Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akafuta ule unga kwa tambara, akapaka.

Ninyi mngefanyaje? Msinijibu. Mimi nawajua.

Na ukapendeza, nisiseme uongo. Rangi ya maziwa, na juu kule jina lake na namba kwa herufi nyekundu, kubwa, za kusomwa na mtu aliyesahau miwani. Siku ya tamasha wanakwaya walisimama pale kupiga picha. Simu ikaita mara mbili kabla jua halijazama. Wiki ile akapata kazi ya dari, ndogo, lakini yake. Mkewe akachinja kuku.

Wiki ya tatu mvua ikashuka, mvua ya Rungwe. Ukuta ukavimba. Rangi ikaumuka kama andazi, ikapasuka, ikaanza kudondoka vipande vipande juu ya maua ya Mama Nsajigwa. Lakini kule juu, wapendwa, kule juu namba haikuguswa! Inasomeka toka mbali. Vijana wa bodaboda wakapata la kusema: "Ukitaka nyumba yako iote ukurutu, piga namba hiyo." Fundi aliyasikia kwa masikio yake akipita, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Akafanya nini? Mafundi mliomo humu mnisamehe, na wateja semeni amina. Akazima simu.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Nani humu ndani hajawahi kuambiwa hivyo baada ya dari kuvuja?

Tangazo liko barabarani linasema nipigieni, na simu imezimwa! Siku tisa. Akawa anazungukia njia ya mashambani ili asiione ile nyumba. Chakula kikawa hakipiti. Aibu inamla mtu kuliko njaa. Mkewe akamwambia, "Baba, unajificha wewe, na jina lako liko njia panda?"

Neno hilo likampa wazo, ila wazo bovu: atakwenda kulifuta jina. Alikuwa na rangi iliyobaki kwenye kopo. Akatafuta na saa ya kwenda. Jumapili, saa nne asubuhi, wakati watu wote, pamoja na Mama Nsajigwa, wako kanisani. Mnaziona akili hizo? Mtu anatumia ibada yetu kukwepa watu! Akabeba ngazi na mfuko wake wa vifaa, akaenda.

Kumbe siku hiyo goti lilikuwa limemshika mama, kanisani hakwenda. Fundi yuko juu ya ngazi, ameshachovya brashi, anainua mkono, akasikia mlango unafunguliwa.

"Ni wewe, mwanangu? Afadhali! Nimekupigia, nimekupigia, wapi! Nikasema huyu ama anaumwa, ama amefiwa. Nimekuombea mpaka nimechoka."

Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kuombewa hakujiandaa. Akashuka polepole.

"Shikamoo mama. Mimi siumwi. Huu ukuta... niliujua una chumvi. Niliiona, nikapaka hivyo hivyo."

"Najua," akasema mama. "Nilikuwa dirishani. Nilikuona unapapasa, nikakuona unafuta na tambara, unatazama kushoto na kulia."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Nilingoja useme wewe." Akaegemea fimbo yake, akatazama lile kopo. "Na leo umekuja kufanya nini?"

"Kufuta jina langu."

"Ukishalifuta, ukuta utapona?"

Wewe ungejibu nini?

"Jina lako halinidhuru mimi," mama akasema. "Liache hapo hapo lilipo. Nitengenezee ukuta wa mume wangu."

Fundi akaweka brashi chini. Akashusha pumzi, nadhani ile aliyoibana siku zote tisa, na machozi yakamtoka, mtu mzima, mchana kweupe, wala hakujisumbua kuyafuta. Mzigo umetua! Huyo aliyekuwa anamkimbia ndiye aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Sasa amfiche nini tena? Akatoa nyundo na tindo kwenye mfuko, akaanza kukwangua, na mama akaingia ndani kuteleka chai, huku akilalamikia goti lake kama kawaida.

Ibada ikaisha. Watu wote aliopanga kuwakwepa wakamiminika barabarani, wakamkuta amejaa vumbi mpaka kwenye kope, ukuta uko uchi, na jina lake juu ya kichwa chake. Mzee mmoja akasimama.

"Fundi, kulikoni? Rangi feki, au ni mvua?"

Mmeuona mlango wa kutokea aliofunguliwa? Mvua haina wa kuitetea. Angesema tu ndiyo, mvua, na habari ikaishia hapo.

"Mvua haina kosa, mzee wangu," akasema fundi. "Wala rangi. Nilipaka juu ya unyevu, na nilijua. Narudia kazi yote, gharama ni zangu."

Wengine wakacheka wakaenda zao. Mama mmoja mwenye sare ya kwaya akabaki amesimama, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Fundi wangu wa vigae huu mwaka wa pili simpati," akasema. "Bafu linavuja mpaka sebuleni, yeye nikipiga hapatikani. Wewe simu yako inapatikana?"

Fundi akaitoa mfukoni. Akaiwasha mbele ya macho ya yule mama. "Kuanzia sasa hivi inapatikana, mama."

Sasa nisikilizeni vizuri. Ukuta ule ulikaa wiki tatu unapumua. Umekwanguliwa, una mabaka, mbaya kuliko kuta zote za barabara ile, na juu yake jina la fundi na namba ya fundi. Tangazo gani hilo? Mtu mwenye akili angelilipia? Lakini simu haikunyamaza! Mgeni akipita akauliza, anasimuliwa: huyo ndiye fundi aliyerudi. Ukuta ulipokuwa mzuri walimpigia watu wawili. Ulipokuwa uchi alipata kazi za kumfikisha kiangazi, na ilibidi atafute na msaidizi. Watu wa pale walikuwa wameshakata tamaa ya kupata fundi asiyekosea, huyo hawajawahi kumwona. Walichokuwa wanakitafuta ni mmoja tu anayerudi, na walipompata, wakamshika kwa mikono miwili.

Na alipoumaliza ule ukuta, safari hii mkavu, lipu mpya na rangi mpya, Mama Nsajigwa alikuja akaupapasa kwa chini. Mkono ukarudi mweupe? Haukurudi na kitu. Akampa fundi mkono ule ule, akamwambia, "Sasa hapo."

Haya, na sisi? Sisi tunajua sana kufuta. Umemkosea ndugu yako, badala ya kwenda kwake unabadilisha njia. Wengine tunabadilisha mpaka usharika! Tunapokewa kule kwa wimbo na makofi, kumbe tumekimbia ukuta huku. Mume amemkosea mke, badala ya kusema nimekosa, ananunua kitenge. Kitenge kizuri, mama anakivaa, na unyevu uko pale pale chini.

Na kwa Mungu ndiyo zaidi. Umeanguka, unaona aibu, unaacha kusali. Unazima simu. Na Yeye anapiga. Wewe unadhani anapiga akutukane? Mpendwa, Yeye alikuwa dirishani! Alikuona ulivyotazama kushoto na kulia. Anajua yote, na bado anauliza, huyu mwanangu mbona kimya, anaumwa? Unamkimbia nani basi? Rudi. Lia kidogo kama itabidi, kisha ushike tindo. Toba ina vumbi, siwadanganyi, na watu watapita wanacheka. Lakini usingizi wa siku hiyo, jamani, usingizi wa siku hiyo mtakuja kunisimulia.

Nami nisiwe wa kuhubiri tu. Mwezi uliopita, kwenye kikao cha ujenzi, nilimfokea mzee mmoja mbele ya wenzake kwa kosa ambalo nilijua ni langu. Tangu siku hiyo kiti chake kile pale mbele kiko wazi, mnakiona wenyewe. Mmekuwa mkiniuliza mzee anaumwa nini, nami nawajibu, tumwombee. Haumwi.

Ee, afadhali nimelisema. Kifua kimekuwa chepesi. Leo sitasimama mlangoni kuwapa mikono, mtanisamehe. Wimbo wa mwisho imbeni wenyewe, mimi nakwenda kwake sasa hivi.