Wingu la Ndege Juu ya Mtama wa Matika

Ndege hatajwi kabla hajalia. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni vizuri, na asiyetaka kusikiliza akachote maji. Methali hii ilianza hivi.

Zamani huko Ugogo palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Katikati ya mashamba walijenga dungu, jukwaa la miti la kulindia ndege, na mlinzi wake aliitwa Ndahani, mtu wa macho makali na maringo kidogo. Adui yao mkubwa alikuwa kwelea, ndege wadogo wanaokuja maelfu kwa maelfu na kumaliza shamba kabla jua halijafika utosini. Basi waliwekeana desturi: mlinzi akipiga baragumu na kutaja kwelea, kila mtu anakata mtama wake siku hiyohiyo, hata kama haujakomaa. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Na mlinzi mwenyewe hukata wa kwanza, ili watu wajue hafanyi mchezo.

Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Punje zilikuwa bado na maziwa, na ghala zimebaki vumbi. Asubuhi moja Ndahani akaona wingu la ndege likipanda na kushuka upande wa mashariki. Jua lilimpiga usoni, rangi hakuiona. Aliogopa kuchelewa, na zaidi aliogopa kuonekana mlinzi asiyejua ndege. Akapiga baragumu, akataja kwelea.

Akashuka mbio, akaanza kukata shamba lake. Majirani wakafuata, wengine wakilia huku wanakata. Matika, mjane aliyepakana naye, alisimama na kisu mkononi bila kuugusa mtama wake.

"Dada, kata," Ndahani akamwita. "Unangoja nini?"

"Umewasikia wakilia?"

"Nimewaona."

"Sikukuuliza kuona, Ndahani. Kelele za kwelea hutangulia. Hawa mbona kimya?"

"Ukikosea usije kwangu kuomba unga."

"Sitakuja," akasema Matika. Kishamba kile kimoja ndicho kilichokuwa chakula cha wanawe watatu.

Wingu likafika, likatua kwenye mtama wake. Hapo ndipo ndege walipolia, mlio mwembamba wa kukwaruza. Ndahani akaacha kukata. Mlio huo aliujua tangu utoto. Walikuwa kwezi, ndege wanaokula wadudu, wamefuata viwavi walioanza kutafuna majani. Punje hawakuzigusa.

Ndahani alitazama shamba lake lililolala chini, akaona aibu. "Nimewaponza watu," akasema.

Msimu wa njaa ulipofika, alisimama mlangoni kwa Matika na kikapu kitupu. Matika akakichukua, akakijaza mtama, akamrudishia. Yale ya unga hakuyagusia hata kidogo.

Mwaka uliofuata wingu jingine likatokea mashariki. Watu wakakusanyika chini ya dungu, visu mkononi, wakimpigia kelele: "Ni kwelea? Tukate?"

Ndahani alikuwa anaogopa kama wao, na baragumu alikuwa nalo mkononi. Akaliweka chini, akatega sikio.

"Subirini," akawaambia. "Ndege hatajwi kabla hajalia."