Asumini Kwenye Debe la Samli

Fatwa imefika, asumini imekauka. Ndivyo alivyosema mama yenu juzi pale mlangoni, nanyi mkanijia mbio mkiuliza, "Bibi, fatwa na maua vimekutana wapi?" Kaeni basi, niwaeleze. Msemo huu haukushuka na mvua. Ulitoka katika nyumba moja ya Wete, kule Pemba, na ulianza hivi.

Palikuwa na mpishi wa halwa akiitwa Shaame Hamad, na mkewe Bi Mize. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya soko, haina ua. Ukifungua mlango wa nyuma umekanyaga njia ya watu. Mtoto hawakujaaliwa. Shaame alikuwa akirudi kazini ananuka moshi na samli mpaka kwenye nyusi, na mkewe akimtania, "Mume gani huyu? Mimi nalala na sufuria."

Siku moja akaja na kijiti cha asumini, urefu wa shibiri, amekizungushia jani la mgomba lililolowa.

"Mimi nitanuka samli," akasema, "na nyumba itanuka asumini. Hapo utasemaje?"

Akakipanda nje, kando ya mlango. Mbuzi wakakila. Akaleta cha pili, wakakila pia. Cha tatu akakiingiza ndani. Alichukua debe tupu la samli, akalitoboa chini kwa msumari, akatandika makumbi ya nazi, kisha akajaza udongo aliouchanganya na mchanga na mavi makavu ya mbuzi. "Waliokula miche yangu nao wafanye kazi kidogo," akasema. Debe akaliweka chumbani, chini ya dirisha la upande wa jua kuchomoza. Kila Ijumaa aliligeuza kidogo, maana mti wa ndani huinamia mwanga, usipougeuza unakuwa kibyongo. Bi Mize kazi yake ilikuwa kuunywesha maji ya kuoshea mchele. Alitia kidole kwenye udongo kwanza. Ukiwa mbichi hakumwagia. Asumini hupenda kunywa, lakini haipendi kusimama majini.

Mti uliporefuka, Shaame akavuta kamba nyembamba ya usumba wa nazi kutoka chuma cha dirisha hadi nguzo ya kitanda, halafu nguzo hadi nguzo. Mwaka wa pili kitanda kizima kilikuwa kimezungukwa. Mchana kutwa utaona vitumba vimefumba, vyeupe kama punje za mchele. Jua likizama vinafunguka, na chumba kinajaa. Bi Mize alitunga vingine na majani ya rehani akapata kikuba, kile kishada cha kuvaa kifuani. Vingine alivitia kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Asubuhi maua yaliyoanguka yalikuwa yametapakaa juu ya shuka, na Shaame huyakusanya kiganjani, akayanusa, ndipo akaenda kwenye halwa yake.

Mwaka wa saba Shaame akafa. Alianguka asubuhi kwenye jiko lake, mwiko mkononi. Adhuhuri hakuifikia.

Bi Mize akakaa eda. Mnajua eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi: hatoki nyumbani ila kwa dharura, hatii wanja, hatii hina, hajifukizi udi, hajipaki manukato. Wifi yake, Bi Raya, dada wa marehemu, akaja kukaa naye siku za mwanzo. Msimdhanie vibaya Bi Raya. Alikuwa mtu wa kushika mambo, na aliyekufa alikuwa kaka yake wa pekee.

Siku ya tatu, hitima imekwisha, watu wametawanyika, jua likazama. Asumini ikafunguka kama kawaida yake. Bi Raya alipoingia chumbani akasimama mlangoni.

"Wifi, humu mnanuka."

"Ni asumini, wifi."

"Najua ni asumini. Pua ninayo. Lakini wewe u mjane, na mjane hanukii."

"Sijajipaka kitu, wallahi. Maua yako mtini."

"Na watu wakiingia kukupa pole, watajuaje kama ni mti au ni wewe?"

Bi Mize akasema, "Basi kaniulizie kwa shekhe. Akisema itoke, itoke. Lakini wifi, hiki ndicho alichoniachia."

"Nikaulize nini? Nikae mbele ya mwanamume mzima, nimwambie kitanda cha kaka yangu kimezungushiwa maua? Aone mlivyokuwa mkilala? Haya hatuna?"

Bi Mize akakitazama kile kitanda, akainamisha uso. Naye haya zilimshika. Hapo ndipo walipokosea wote wawili, wajukuu zangu, maana nyumba ya shekhe ilikuwa karibu kuliko kisima.

Wakaikata. Miaka yote ile mashina yalikuwa yamejisokota kwenye nguzo, hayafunguki, ikabidi kisu cha jikoni. Kilichobaki kwenye debe ni kisiki cha urefu wa dhiraa, na majani machache.

"Nitakutunzia kwangu mpaka utoke eda," akasema Bi Raya. "Hii ni kazi ya mkono wa kaka yangu. Siuachi ufe."

Na alikusudia hivyo hasa. Lakini uani kwake palikuwa na mbuzi, na wasichana wa mtaani wasingeacha kuchuma. Kwa hiyo akaiweka kwenye stoo ya kuni, akafunga mlango. Mambo ya miti hakuyajua. Alilijua moja tu, kwamba mti hunyweshwa. Akaimwagilia asubuhi, akaimwagilia jioni, gizani mle, kama mtu anayemnywesha mgonjwa asiyemeza.

Kila alasiri alipoleta chakula, Bi Mize alimwuliza, "Asumini yangu?"

"Ipo."

Jibu hilo lilimtosha Bi Mize kupata usingizi.

Mwezi wa tatu akarudi kutoka Unguja Bi Salme, mwalimu aliyewasomesha Kurani wanawake wa mtaa ule. Akaja kutoa pole. Bi Raya akamtilia kahawa. Bi Salme akaziona zile kamba za usumba tupu, akauliza, akaelezwa.

"Nani kawapa hukumu hiyo?"

Bi Raya akamwongezea kahawa.

"Mmejipa wenyewe?"

Akaweka kikombe chini, akavaa buibui lake, akatoka. Aliporudi kahawa ilikuwa bado ya moto.

"Shekhe asema hivi," akawaambia. "Mjane alichokatazwa ni kujitia manukato mwilini na nguoni. Ua lililo mtini, harufu yake ikimpitia, halimvunjii eda. Irudisheni. Tena anauliza kwa nini hamkutuma mtu. Anasema ameshaulizwa mambo ya aibu kuliko maua."

Bi Mize akainua mikono akashukuru, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe akacheka. Akaondoka pale alipokaa, akazikaza kamba zilizolegea, akapangusa sakafu chini ya dirisha.

"Wifi, kailete! Fanya haraka kabla jua halijazama."

Bi Raya hakusogea.

"Wifi?"

"Ipo," akasema Bi Raya.

"Najua ipo, kila siku waniambia. Kailete basi."

Bi Raya akaenda. Akarudi amelikumbatia debe kwa mikono miwili, akalitua sakafuni. Kisiki kilikuwa cheusi, hakina jani hata moja, na udongo ulinuka maji yaliyolala. Bi Mize akapiga magoti. Akakwangua gamba kwa ukucha, akitafuta ubichi. Akakwangua chini zaidi. Akakwangua mpaka ukucha ukaingia udongoni. Ubichi hakuuona.

"Tangu lini?"

"Majani yalipukutika mwezi wa kwanza."

"Na kila siku nikikuuliza…"

"Ningekwambiaje, wifi? Umefiwa mara moja. Nikufanye ufiwe tena?"

Bi Raya akaketi pale pale sakafuni akalia. Alimlilia kaka yake kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia, kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyekuwa akiwashika wengine. Bi Mize hakumgombeza. Alimwekea mkono mgongoni, macho yake kwenye kile kijiti.

Nayo habari, mnajua mitaa yetu, ilikuwa imeshatoka nje. Jirani mmoja akaja mbio mpaka dirishani, uso umejaa furaha, akaita, "Bi Mize! Nasikia fatwa imefika! Hongera, dada yangu!"

Bi Mize akageuza uso akamtazama.

"Fatwa imefika," akasema, "asumini imekauka."

Jirani huyo alikuwa mama yangu mzazi. Aliniambia alikiachia chuma cha dirisha, akarudi kwake pole pole.

Eda ilipokwisha, majirani walimletea Bi Mize vijiti vya asumini, huyu viwili, huyu vitatu. Alimshukuru kila mmoja, na vyote akawagawia wengine. Kamba za usumba hakuziondoa. Zilikaa mpaka zikaoza zenyewe. Bi Raya aliendelea kuja kila alasiri, miaka mingi, wakakaa wawili kimya wakinywa kahawa.

Ndipo watu wakayachukua yale maneno, wakayasema kila mtu anapoona haya kuuliza, mpaka jibu linakuja halina tena wa kumsaidia. Basi mkiyasikia msicheke. Aliyeyasema wa kwanza alikuwa amepiga magoti, ana udongo kwenye kucha: Fatwa imefika, asumini imekauka.